MFEREJI WETU: ULIVYOCHIMBWA, ULIVYOZIBWA NA UNAVYOZIBULIWA

Hotuba iliyotolewa mbele ya washarika na wageni wa Dayosisi katika maadhimisho ya miaka mia moja, Sakina, Arusha



Awali ya yote namshukuru Mungu aliyetufikisha siku hii. Naishukuru pia Kamati ya Maadhimisho kwa kunipa heshima ya kusema machache kuhusu historia ya mahali petu. Najua wengi walitazamia nizungumzie kengele, majengo, au wachungaji waliotutangulia. Hayo yameandikwa vizuri na wenzangu katika kurasa nyingine za kitabu hiki. Mimi nimeomba ruhusa ya kuzungumza juu ya kitu ambacho kila mmoja wetu amekivuka leo asubuhi akija hapa, na huenda hakukitazama: mfereji.

Vijana wetu wanauita mtaro. Siwalaumu, kwa maana wameukuta ukiwa na takataka na maji meusi. Lakini mtaro huchimbwa ili kuondoa maji yasiyotakiwa. Mfereji ulichimbwa ili kuleta maji yaliyotakiwa sana. Tofauti ya maneno hayo mawili ndiyo historia ninayotaka kuisimulia.

Maji ya mlimani

Mlima Meru una kimo cha zaidi ya mita 4,500. Mawingu yanayotoka upande wa bahari hugonga mteremko wake na kuacha mvua, msitu huipokea, na ardhi ya volkano huitoa tena polepole kwa njia ya chemchemi. Kutoka huko hushuka mito midogo mingi. Upande wetu tunaijua Themi, Ngarenaro na Burka. Jina Ngarenaro lenyewe ni lugha ya wenyeji: Engare Narok, maji meusi, kama vile Ngare Nanyuki, upande wa pili wa mlima, ni maji mekundu. Maji ya upande wetu hatimaye huingia Mto Kikuletwa, hufika bwawa la Nyumba ya Mungu lililojengwa miaka ya 1960, na kisha hufuata Mto Pangani hadi baharini. Kwa hiyo anayechota maji Sakina ana jirani asiyemjua, aliyeko mamia ya kilometa chini yake.

Wameru walianza kulima mteremko wa mashariki na kusini yapata miaka mia tatu iliyopita. Ilarusha walipanda kutoka Arusha Chini katika miaka ya 1830 na kukaa upande huu wa magharibi. Wote walikuta jambo moja: mvua za masika na vuli ni nyingi, lakini kati ya misimu hiyo kiangazi ni kirefu, na mito imepita ndani ya makorongo yenye kina. Maji unayaona, unayasikia, lakini shamba lako liko juu yake.

Hapo ndipo ulipozaliwa ujuzi wa mfereji. Hauchoti maji pale shamba lilipo. Unapanda nao mto hadi mahali palipo juu kuliko shamba, unajenga banio kwa mawe, miti, majani na udongo, kisha unayaongoza maji kandokando ya kilima kwa mteremko mdogo mno. Mteremko ukiwa mkali, maji hukata ardhi na kuwa korongo jipya. Ukiwa hafifu, maji husimama na kuacha tope. Wazee hawakuwa na vipimo vya wahandisi. Waliachia maji kidogo nyuma ya jembe, wakayatazama yanakokwenda, wakachimba kwa kuyafuata.

Si sisi peke yetu tuliojua kazi hii. Ndugu zetu Wachaga waliijua, na ndani ya kanisa letu tunaye shahidi wake: mmisionari Bruno Gutmann wa Misheni ya Leipzig, aliyehudumu Moshi, aliandika mwaka 1926 kitabu kikubwa juu ya sheria za Wachaga, na haki za maji zina nafasi yake humo. Na kaskazini-magharibi mwa hapa, wilayani Monduli, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, kuna magofu ya Engaruka. Watu wa huko waliongoza maji kwa mifereji iliyojengwa kwa mawe, wakalima eneo la kilometa za mraba zipatazo ishirini, tangu yapata karne ya 15 hadi karne ya 18. Kisha wakaondoka. Wataalamu wengi wanahusisha kuondoka huko na kupungua kwa maji. Mawe yapo hadi leo, yamepangwa vizuri, lakini hakuna mkulima. Nitarudi kwenye mawe hayo.

Mapatano kwanza, udongo baadaye

Niliyoyaona kwa macho yangu nikiwa mtoto ni haya. Mfereji ulikuwa na mzee wake. Hakuwa tajiri kuliko wengine, ila alijua kila tone lilipo. Kila boma lilikuwa na zamu. Wengine walipata maji alfajiri, wengine adhuhuri, wengine usiku wa manane. Na aliyepata usiku huu, juma lijalo alipata mchana, ili taabu igawanywe kama maji yenyewe. Nilitumwa na marehemu baba kwenda kulinda zamu yetu kabla jogoo hajawika. Kazi yangu ilikuwa kukaa kwenye mgawanyo, kuondoa majani, na kumwita yeye endapo maji yatapungua ghafla, kwa sababu kupungua ghafla kulikuwa na maana moja: mtu wa juu ameyafungua.

Mwizi wa maji aliitwa mbele ya wazee, akatozwa. Asiyetokea siku ya kuzibua naye alitozwa. Kabla ya kila kiangazi kulikuwa na msaragambo: watu wote wa mfereji walitoka kwa majembe na makoleo, wakaanzia banioni, wakashuka wakitoa tope hadi shamba la mwisho. Walioko mwisho walipewa heshima ya pekee, kwa maana wazee walisema mfereji usiofika mwisho umekufa, hata kama juu umejaa.

Ndugu wapendwa, hilo ndilo neno langu kuu leo. Mfereji ni mapatano kwanza, udongo baadaye. Mapatano yakivunjika, udongo hufuata.

Wageni, mashamba na sheria

Historia ya kanisa letu katika mlima huu haikuanza kwa utulivu. Oktoba 1896 wamisionari wawili vijana wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri muda mfupi baada ya kuwasili. Jeshi la Kijerumani lililipiza kisasi kwa ukali: watu waliuawa, ng'ombe walitwaliwa, migomba ilikatwa. Mwaka 1900 boma la Wajerumani lilikuwa limesimama Arusha. Misheni ilirudi na kuanza kituo Nkoaranga mwaka 1902, kisha Ilboru mwaka 1904, juu kidogo ya hapa tulipo. Katika vituo hivyo Injili ilikuja pamoja na shule, dawa na mche wa kahawa. Na kahawa, kama mnavyojua, hunywa maji.

Wakati huohuo Serikali ya Kijerumani iligawa ardhi ya chini ya mlima kwa walowezi, Wajerumani na Makaburu. Mashamba yao yakauzunguka mlima kama mshipi. Watu wetu walibaki juu, katikati ya mashamba hayo na msitu uliohifadhiwa. Wakashindwa kupanuka, ikabidi walime kwa bidii zaidi hapohapo walipo: migomba, kahawa, mahindi, maharage, magimbi, vyote katika kihamba kimoja. Mifereji ikaongezeka. Na chini yao mwenye shamba kubwa naye alihitaji maji yaleyale. Ugomvi wa juu na chini, ambao awali ulikuwa wa jirani na jirani, ukawa ugomvi wa mwenyeji na Serikali.

Uchungu wa ardhi hiyo ulifika mbali. Mwaka 1951 Wameru waliondolewa kwa nguvu Ngare Nanyuki, na mwaka 1952 Kirilo Japhet alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa kuwasemea. Tunaikumbuka kama kesi ya ardhi. Lakini tukumbuke kwamba sehemu ya jina la mahali pale ni maji.

Baada ya uhuru maji yote yaliwekwa chini ya Taifa. Sheria ya mwaka 1974 ilimtaka mtumiaji awe na haki ya maji iliyoandikwa. Ofisi ya Maji ya Bonde la Pangani ilianzishwa mwaka 1991. Na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inazitambua jumuiya za watumia maji na kutaka vibali. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mpango wa umwagiliaji wa asili uliosaidiwa na shirika la SNV la Uholanzi ulianza kukaa na wenye mifereji katika mikoa yetu ya kaskazini. Katika Mto Nduruma, mashariki mwa jiji, wenye mifereji waliunda kamati ya mto, ili zamu isiwe ya boma na boma tu, bali pia ya mfereji na mfereji. Nayataja haya ili asiwepo wa kusema kwamba desturi ya wazee haiwezi kukaa pamoja na sheria ya leo. Imekwisha kukaa.

Mfereji unapoingia mjini

Sakina ya utoto wangu ilikuwa migomba. Barabara ya Nairobi ilipita chini, na usiku ungeweza kuhesabu magari. Leo mnaiona wenyewe. Barabara ya njia nne imejengwa kutoka hapa Sakina hadi Tengeru, kilometa 14.1. Katika sensa ya mwaka 2012 Jiji la Arusha lilikuwa na watu 416,442. Katika sensa ya mwaka 2022 walikuwa 617,631. Watu hao wanahitaji mahali pa kulala. Vihamba vimegawanywa kwa watoto, watoto wameuza viwanja, na wanunuzi wamejenga. Hakuna dhambi katika kujenga. Lakini hati ya kiwanja huonyesha mipaka ya ardhi. Njia ya maji haionyeshi. Mzee wa mfereji alipofariki hakurithiwa, kwa sababu hapakuwa na shamba la kumwagilia. Zamu ikasahauliwa. Tope likabaki. Mifuko ya plastiki ikaja, na hata baada ya kupigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, ile ya zamani bado tunaichimbua.

Wapo wanaosema: tuna bomba, mfereji wa nini? Ni swali la haki. Mradi mkubwa wa maji wa Arusha, uliogharamiwa kwa sehemu kubwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika kwa takriban shilingi bilioni 520, ulilenga kuongeza uzalishaji kutoka lita milioni 40 hadi milioni 200 kwa siku. Tena maji mengi ya mlima wetu yana floridi, ile inayotia meno rangi ya kahawia na kudhuru mifupa. Kwa hiyo simshauri mtu anywe maji ya mfereji. Nasema tu kwamba mfereji una kazi mbili ambazo bomba haliwezi kuzifanya. Kwanza, bado unamwagilia mchicha, sukuma wiki na migomba ya kina mama wanaosomesha watoto kwa bustani hizo. Pili, masika yanapofika, ndiyo njia ambayo maji ya mlimani yamezoea kupita. Tukiifunga, maji hayarudi mlimani. Yanatafuta njia nyingine. Aprili 2024 gari la wanafunzi lilisombwa na maji katika korongo jijini humu, na watoto wakapoteza maisha. Sisemi kwamba mfereji wa Sakina ungewaokoa. Nasema mji unaosahau njia za maji yake hukumbushwa kwa gharama kubwa.

Kosa langu

Sasa naomba mnivumilie niseme jambo linalonihusu mwenyewe, kwa kuwa si vema mtu kuonya usharika akiwa amejificha.

Nilipojenga ukuta wa nyumba yangu, fundi aliniuliza: "Mwalimu, na huu mfereji tuupitishe wapi?" Mimi, niliyelinda zamu ya baba katika mfereji huohuo, nilimjibu aweke bomba jembamba chini ya ukuta, kwa sababu nilitaka nafasi ya kuegesha gari. Fundi alitikisa kichwa, akafanya nilivyosema. Kiangazi kilipita salama. Masika yalipokuja, bomba likaziba kwa majani na plastiki usiku mmoja. Maji yalipanda, yakazunguka ukuta wangu, yakashuka kwa jirani yangu wa chini, mama mjane, yakaingia jikoni na katika ghala lake la mahindi.

Asubuhi alikuja. Hakupiga kelele. Alinisalimia kwa adabu, akasema: "Mwalimu, maji ya baba yako yamelala kwangu." Kisha akaondoka. Nimesikiliza mahubiri mengi katika maisha yangu, na wahubiri wake baadhi wapo hapa. Wanisamehe nikisema kwamba hilo lilikuwa fupi na lilinipata barabara. Nilimlipa mahindi yake. Lakini ilinichukua muda kuelewa kwamba deni lilikuwa bado. Nilikuwa nimerudi kuwa yule mtu wa juu ambaye nilifundishwa utotoni kumlinda asiyafungue maji, ila mimi niliyafunga.

Nikabomoa sehemu ile ya ukuta, nikajenga daraja dogo lenye nafasi ya mtu kuinama na kupitisha koleo. Gari linaegeshwa nje.

Kuzibua

Kutokana na hayo, baadhi yetu majirani tulianza kukutana Jumamosi. Wakristo wa madhehebu mbalimbali tulikuwepo, na Waislamu walikuwepo. Hatukuanza kwa kuchimba. Tulianza kwa kutembea, kutoka juu kushuka, tukiwa na wazee wawili waliokumbuka njia, na kijana wa sekondari akichora katika daftari. Tulikuta kuta, mabomba membamba kama langu, kifusi, na mahali pamoja maji machafu ya choo yakiingizwa mferejini. Kila mahali tulibisha hodi, tukaongea na mwenye nyumba kabla ya kugusa chochote. Wengine hawakujua kwamba pale paliwahi kuwa na mfereji. Wawili walikasirika. Mmoja wao sasa ndiye mtunza zamana yetu ya makoleo.

Tulijifunza mambo matatu. La kwanza, saruji isitangulie. Tungeomba saruji mwanzoni, tungepata mfereji mzuri usio na mwenyewe, kama yale mawe ya Engaruka. La pili, kina mama wawe katika kamati. Katika mifereji mingi ya zamani desturi iliwazuia wanawake wasifike banioni. Lakini leo ndio wenye bustani, na ndio wanaojua siku maji yalipokosekana. La tatu, kazi haimaliziki. Tope hurudi kila mwaka, na ndiyo maana wazee waliweka msaragambo kila mwaka.

Maji sasa yanafika bustani za katikati. Hayajafika mwisho. Na kwa hesabu ya wazee, mfereji usiofika mwisho umekufa. Kipande kilichobaki, Baba Askofu, kinapita kando ya uwanja huu tulioketi. Uwanja wetu tumeutandaza vitofali kwa sadaka zetu, nao unapendeza. Lakini vitofali havinywi maji. Mvua yote ya paa letu na ya uwanja wetu hushuka kwa majirani walio chini, na uzio wetu umeukalia mfereji.

Ombi

Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 26, tunasoma habari za Isaka. Visima ambavyo watumishi wa Ibrahimu baba yake walivichimba vilikuwa vimefukiwa kwa udongo. Isaka alivifukua, akaviita kwa majina yaleyale aliyoyaita baba yake. Alipochimba vingine wachungaji wa Gerari waligombana naye, akasogea, akachimba tena, hata akapata kisima kisichogombewa. Naona mambo mawili hapo: mwana alijua majina ya visima vya baba yake, na hakutafuta maji kwa kumnyima jirani.

Kwa hiyo naomba mambo matatu tu, nayo hayahitaji harambee. Usharika usogeze uzio wake hatua moja, ili mfereji upite. Vijana wakamilishe ile ramani ya daftarini, waandike jina la kila mgawanyo wakati wazee wanaoyajua majina bado wapo nasi, na nakala itunzwe pamoja na vitabu vya ubatizo. Na kila mwaka, Jumamosi moja kabla ya masika, tuanze karne ya pili ya usharika huu kwa makoleo, pamoja na majirani wa imani zote, kuanzia juu hadi shamba la mwisho.

Shamba la mwisho ni la yule mama mjane. Yupo hapa leo, ameketi miongoni mwa kina mama, na sitamtaja jina kwa kuwa hapendi. Niliahidi kwamba nitakaposimama mbele ya Baba Askofu nitasema maji yako wapi. Nimesema.

Mungu aubariki usharika huu, aibariki Sakina, aubariki mlima wetu na maji yake.